Vazi la Kihistoria: Kabla ya Kuuliza "Mkono au Cherehani?", Uliza Mwaka

Kila msimu wa send-off unapofika, hapa Mbeya na kule Iringa hurudi ubishi ule ule. Bibi harusi mtarajiwa anaingia ukumbini na "vazi la asili", picha zinasambaa, na kabla sahani hazijaondolewa watu wameshagawanyika. Mmoja anasema hilo si vazi la Kihehe, hicho ni kitenge tu. Mwingine anasema limeshonwa kwa cherehani, kwa hiyo si la asili. Wa tatu anawafunga wote mdomo: babu zetu walivaa ngozi, hayo mengine yaliletwa. Siku za utamaduni mashuleni ni hivyo hivyo. Na sisi tunaoshona mavazi ya enzi zilizopita kwa kupenda tu, bila oda wala malipo, ndio tunaoulizwa swali moja kila mara: hilo umelishona kwa mkono, au umedanganya?

Swali hilo limekaa vibaya, na nataka kulinyoosha, kwa sababu limewavunja moyo vijana wengi waliokuwa na hamu ya kujaribu.

Tuanze kwa kutenganisha mavazi matatu yanayoitwa kwa jina moja. Vazi la jadi ni lile ambalo jamii inalitambua leo kuwa lake. Mzee wa Kihehe akijifunga mgolole begani mbele ya wageni, hakuna anayeuliza kitambaa kimetoka kiwanda gani. Vazi hilo liko hai, kwa hiyo hubadilika, na lina haki ya kubadilika. Vazi la jukwaani ni la maigizo: kazi yake ni kumfanya mtazamaji aliyekaa mbali aamini, hata kama mgongoni limeshikizwa kwa pini. Vazi la kihistoria ni jambo jingine. Ni nguo unayoishona leo kwa kufuata ushahidi wa nguo iliyovaliwa na mtu wa aina fulani, mahali fulani, mwaka fulani: kitambaa chake, vipimo vyake, mishono yake, hata namna ya kuifunga mwilini.

Neno zito hapo ni mwaka. Kusema "nashona vazi la zamani la Iringa" ni sawa na kumwambia mgeni akufuate "Mbeya". Mbeya ipi? Uyole, Sokomatola, Forest ya Zamani? Atazunguka na bajaji mpaka jioni. Ukisema "mkulima wa karibu na Kalenga, mwaka 1890", hapo umempa mtaa na mlango. Na ukishataja mwaka, nusu ya ubishi wa mkono na cherehani huisha wenyewe.

Nguo zilizofika Nyanda za Juu

Ni kweli ngozi zilivaliwa. Lakini "ngozi tu" si kweli. Unyakyusa walitumia pia nguo za magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, pamoja na pete za shaba kiunoni, ambazo nazo zilikuwa sehemu ya vazi wala si pambo la sherehe peke yake. Upande wa Rukwa, Wafipa walilima pamba, wakaisokota na kuifuma kwa mkono, wakapata nguo nzito za kudumu. Anayesema mababu wa ukanda huu hawakujua kufuma hajawahi kusikia habari za Ufipa.

Kisha ikaja nguo ya misafara. Katika karne ya 19 kitambaa kilikuwa fedha ya njia zote za kutoka pwani kwenda bara. Kilichoongoza ni merikani, kitambaa cha pamba kisichong'arishwa, rangi ya maziwa yaliyokaa, ambacho kwa miongo kadhaa kilitoka viwanda vya Massachusetts nchini Marekani, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, viliyumbisha biashara hiyo, na baadaye vitambaa vya Bombay vikashika soko. Pamoja nacho ilikuja kaniki, ya bluu iliyokolea karibu na weusi, na bendera, kitambaa chekundu. Leo mtu akiona kaniki anawaza mganga, na wapo wanaokataa hata kuigusa dukani. Wakati ule ilikuwa nguo ya watu wa kawaida kabisa.

Vipimo vyake bado tunavitaja bila kujua tunasema historia. Mkono mmoja ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, karibu sentimita 45. Mikono minne ni shuka moja, karibu mita 1.8. Mashuka mawili ni doti. Mama anayenunua doti ya kanga Mwanjelwa anatumia neno ambalo wafanyabiashara wa misafara walilitumia kuhesabia ushuru wa kupita kwenye nchi za watu.

Sasa kuna jambo linalowashangaza wanaoanza. Sehemu kubwa ya mavazi ya Nyanda za Juu ya miaka hiyo haikushonwa kwa maana tunayoijua sisi. Hakuna mkono wa nguo, hakuna kola, hakuna mkato wa kiuno. Nguo ilifungwa kiunoni, ikavukishwa begani, ikafundikwa. Ukitaka kumvika mtu wa Kalenga wa mwaka 1890, miaka minne kabla boma la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, halijaangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, huhitaji patani yoyote. Unahitaji kitambaa sahihi, kwa kipimo sahihi, chenye kingo zilizotunzwa. Ufundi wote umehamia kwenye pindo na kwenye kuunganisha.

Pindo la mkono, kwa karibu

Kwa sababu ufundi uko hapo, nitakaa hapo.

Merikani ya enzi ile ilikuwa na upana wa karibu yadi moja, sentimita 90 hivi. Vitambaa vya madukani leo mara nyingi ni vipana zaidi, vingine mita moja na nusu. Ukikata tu shuka kubwa kutoka kitambaa kipana, umepata nguo ambayo mwaka 1890 isingeweza kuwepo bila mshono katikati. Kwa upana ule, aliyetaka nguo kubwa hakuwa na njia ila kuunganisha vipande viwili ubavu kwa ubavu. Mshono huo wa katikati ambao fundi wa leo angeuona aibu ndio hasa unaoipa nguo ukweli wake. Kanga yenyewe ilizaliwa hivyo huko pwani mwishoni mwa karne ya 19: leso za mraba zilinunuliwa zikiwa kwenye jora, zikakatwa, zikaunganishwa sita sita kuwa nguo moja, mpaka viwanda vilipoanza kuchapa nguo nzima bila mshono.

Kuunganisha ubavu kwa mkono si kazi ngumu. Kingo mbili za kiwandani, zile ambazo kitambaa kimefumwa zisifumuke, unazilaza uso kwa uso zikiwa sawasawa. Sindano inapita nyuzi mbili tatu tu kutoka ukingoni, uzi unazunguka juu ya kingo zote mbili, na unarudia kila baada ya milimita mbili au tatu. Ukimaliza, unafungua vipande na kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono mpaka ulale bapa. Hauna uvimbe, na kwa mbali hauonekani.

Zile ncha mbili zilizokatwa ndizo zinazohitaji pindo. Lowesha gumba kidogo, viringisha ukingo kati ya gumba na kidole cha shahada mpaka upate mviringo usiozidi milimita tatu. Sindano inadaka uzi mmoja au miwili ya kitambaa chini ya mviringo, kisha inapenya ndani yake na kutokea mbele kidogo. Ukivuta uzi kwa nguvu pindo linajikunja. Ukiulegeza linafumuka kwenye maji ya kwanza. Uzi wenyewe uwe wa pamba, na upitishe mara moja au mbili kwenye kipande cha nta ya nyuki ili usijisokote. Nta Nyanda za Juu haitafutwi mbali. Vaa subana kidoleni, maana merikani mpya ina wanga na sindano hairuhusu mchezo.

Na kabla ya haya yote, fua kitambaa kwa maji ya moto, ukianike, ndipo ukate. Pamba isiyong'arishwa hunywea, na doti uliyoipima vizuri itarudi kutoka kwenye kamba ikiwa fupi.

Cherehani iliingia lini?

Hapa ndipo watu wengi hudhani cherehani ni kitu cha juzi. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya mashine ya kushona mwaka 1830, na baadaye mafundi nguo walioona riziki yao inakwenda waliivamia karakana yake na kuzivunja mashine. Mwaka 1846 Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya mashine ya nyuzi mbili, na mwaka 1851 Isaac Singer akapata ya kwake. Kwa hiyo karibu kila nguo ya kabla ya hapo, iwe ya mfalme wa Ulaya au ya mchukuzi wa pembe, ni ya mkono. Baada ya hapo, inategemea nguo ni ya nani.

Askari wa jeshi la kikoloni la Kijerumani aliyefika Iringa katika miaka ya 1890 alivaa koti la kiwandani, lililopigwa mashine. Mtu akikesha akilishona koti hilo kwa mkono mshono kwa mshono ili liwe "la kweli zaidi", amelitoa kwenye historia yake. Huo ndio upotoshaji ninaotaka tuuache: kwamba mkono daima ni ukweli na cherehani daima ni udanganyifu.

Kati ya hizo mbili kuna nguo za misheni, na mimi nazipenda kuliko zote. Wamoravian walianza kituo chao cha Rungwe mwaka 1891, na Wamisionari wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Shule za misheni zilifundisha wasichana kushona, na nguo zenye mikono, shingo na vifungo zikaanza kuvaliwa vijijini. Gauni la binti wa misheni la mwaka 1910 linaweza kuwa na mishono mirefu ya ubavuni iliyopigwa mashine, huku pindo, shingo na matundu ya vifungo vikiwa vya mkono. Ndivyo washonaji wa majumbani walivyofanya kazi tangu cherehani ilipoenea: mashine kwa mwendo mrefu, mkono kwa sehemu zinazohitaji kutulia. Anayechanganya leo hachakachui. Anafuata desturi ya watu wa wakati ule.

Tofauti yenyewe ya mishono ni rahisi kuiona ukijua inatoka wapi. Sindano ya mkono ina tundu nyuma, inabeba uzi mmoja unaozama na kuibuka. Mshono wake wa kawaida, bandi, una mistari na mapengo yanayofuatana, juu hata chini. Sindano ya cherehani ina tundu kwenye ncha. Inashusha uzi wa juu, chini unanaswa na kuzungushwa kwenye uzi wa bobini, na nyuzi mbili zinafungana katikati ya kitambaa. Ndiyo maana mshono wa cherehani hauna mapengo na unafanana pande zote mbili. Kuna mshono wa mkono unaoweza kukudanganya, ule wa kurudi nyuma: juu unaonekana umeungana kama wa mashine. Geuza nguo. Chini utaona nyuzi zimepandana, kila hatua imekanyaga nyingine.

Kwa anayeanza, cherehani ya kuzungusha kwa mkono ndiyo bora kwa kazi hizi. Unaenda taratibu na unasimama pale unapotaka, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Ya miguu nayo ni nzuri kwa mishono mirefu. Punguza ukubwa wa hatua, na ukaze uzi wa juu na wa chini kwa usawa.

Kinachofichua nguo ya kihistoria iliyokosewa kwa kawaida si cherehani. Ni ovaloki, zipu na poliesta. Mashine za ovaloki zilianza miaka ya 1880, na zile nyuzi zinazozunguka ukingo kama nyavu hazina nafasi kwenye nguo ya Kalenga. Zipu ya aina tunayoijua ilipatikana mwaka 1913, na ilichukua miaka mingine ishirini hivi kuzoeleka kwenye nguo. Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941. Ukimpelekea fundi wa mtaani kitambaa, mwambie mapema: usipige ovaloki. Asipoambiwa ataipiga, kwa nia njema kabisa, kwa sababu kwake nguo bila ovaloki haijakamilika.

Kitambaa kinaungama kwenye moto

Muuzaji atakuambia "hii pamba tupu" hata kama yeye mwenyewe hajui. Omba kipande kidogo cha pembeni, chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya njiti inayowaka, mbali na nguo nyingine. Pamba huwaka upesi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Poliesta hujikunja ikikimbia moto, huyeyuka, na hubaki tone gumu jeusi lisilopondeka. Sufu hunuka nywele. Ukipata majivu na tone gumu pamoja, ni mchanganyiko, rudisha.

Jina la merikani bado linatumika madukani kwa kitambaa cha pamba kisichong'arishwa, ingawa wengine hukiita amerikani. Kwenye mitumba pia wapo wanaopata mashuka ya kitanda ya zamani, ya pamba nzito, na kwa jaribio la kwanza hayo ni mali. Kitenge kiache kwa kazi hii, isipokuwa mwaka wako unakiruhusu. Kilivyo leo, kitenge kilianzia kwenye viwanda vya Ulaya vya karne ya 19 vilivyoiga batiki ya Java, na kikapendwa kwanza Afrika Magharibi. Kwa send-off ya leo ni vazi zuri na halali. Kwa mtu wa Kalenga wa 1890 hakifai.

Rangi nayo ina mtego wake. Wengi hushona kwa kuangalia picha za zamani na kuhitimisha kwamba watu walivaa nyeusi na nyeupe tu. Kemikali za picha za miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne ya 20 ziliona bluu vizuri sana na nyekundu karibu haziioni. Bluu ya mpauko ilitoka nyeupe, na nyekundu ikatoka nyeusi. Nguo "nyeusi" begani mwa mtu kwenye picha inaweza kuwa kaniki, na inaweza kuwa bendera nyekundu kama damu. Ndiyo maana picha peke yake haitoshi. Nenda makumbusho ya Mkwawa pale Kalenga, au makumbusho ya Boma pale Iringa mjini, uangalie vitu vyenyewe. Kisha kaa na wazee. Bibi anayekumbuka namna mama yake alivyofundika nguo kiunoni anajua jambo ambalo picha haiwezi kukuonyesha, kwa sababu fundo liko nyuma.

Kuna upotoshaji mmoja unaoniuma zaidi. Kwenye maigizo mengi, watu wa enzi ya Mkwawa huvalishwa matambara: nguo zilizochanwa makusudi na kupakwa matope, ili zionekane za kale. Watu wale walivuna, walifuga na walifanya biashara, na wapiganaji wao ndio waliowashinda Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891, na kitambaa kwao kilikuwa akiba na heshima ya nyumba. Mtu hachani akiba yake. Nguo ya zamani ilipokuwa inavaliwa haikuwa ya zamani. Ilikuwa mpya, au imefuliwa, au imetiwa kiraka kwa uangalifu. Ukitaka ionekane imetumika, ivae, ifue, itie kiraka panapochakaa.

Sare na alama za uongozi

Swali la mwisho huja kutoka kwa wanaotaka kushona lile koti la askari. Kulishona si kosa la kihistoria, ila lina mambo mawili ya kuangalia. Iringa ni mahali ambapo sare ile ilichoma vijiji, na kuna familia zinazoyakumbuka hayo kwa majina, kwa hiyo usitokee nayo kwenye sherehe ya ukoo wa watu bila kuwauliza. La pili ni la sheria. Raia haruhusiwi kuvaa sare za majeshi wala nguo zinazofanana nazo, na JWTZ limeshaonya mara kadhaa. Kaki ya mwaka 1905 haifanani na mabaka ya leo, lakini askari wa barabarani hatakuwa na muda wa kusikiliza somo la mishono. Kama ni kwa maonyesho ya shule au makumbusho, waandaaji waombe ruhusa kwa maandishi kabla, na koti lisafiri likiwa limekunjwa ndani ya mfuko. Vazi au kitu kinachobeba alama ya utemi nacho kina wenyewe. Waulize wazee wa ukoo kabla hujakata kitambaa, na wakikataa, shona la mkulima.